Huduma ya kuondoa popo darini: kazi nzuri juu ya paa, pengo kubwa chumbani

Watu wengi huita kampuni za kuondoa popo kwa sababu ya kelele na harufu ya kinyesi. Kwa maoni yangu, huduma hii inapaswa kupimwa kwanza kwa jinsi inavyoshughulikia kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao popo pia huweza kumwambukiza mtu kwa kumuuma, na hapo ndipo kampuni niliyoiajiri ilipopungua, ingawa kazi yake ya paa ilikuwa safi.

Mafundi walikaa nje jua likizama, wakaona popo wanatokea wapi, kisha wakatundika neti juu ya tundu hilo na kuiacha wazi upande wa chini, ili popo atoke kuwinda wadudu lakini ashindwe kurudi. Nyufa nyingine waliziziba zote, hata zile zisizozidi upana wa kidole. Walikataa katakata kutumia sumu, na walikuwa sahihi, kwa kuwa popo aliyelishwa sumu huanguka akiwa hoi mahali ambapo watoto, paka na mbwa humfikia. Walikataa pia kuanza kabla makinda hawajaweza kuruka, maana makinda wakifungiwa hufia darini au hutafuta njia hadi vyumbani. Mteja mwenye haraka ataona huo ni uzembe. Mimi naona ni dalili ya fundi anayeijua kazi yake.

Tatizo lilikuwa popo mmoja aliyekutwa hai katika chumba alimolala mtoto. Fundi alitaka kumponda na kumtupa. Kipimo cha maabara hufanywa kwenye ubongo, hivyo kichwa kikipondwa jibu huenda lisipatikane kabisa. Mwili unatakiwa uwekwe katika chombo kilichofungwa vizuri na kuhifadhiwa kwa ubaridi, bila kugandishwa. Hakuna aliyeuliza nani alilala humo, ilhali meno ya popo wanaokula wadudu ni madogo kiasi kwamba mtu aliyeumwa usingizini anaweza asione jeraha lolote. Popo wagonjwa ni wachache sana porini, lakini dalili zikishaanza kwa binadamu, ugonjwa huu huua karibu kila mara. Marekani, kati ya Septemba na Novemba 2021, watu 3 walikufa kwa kichaa cha mbwa kilichotokana na popo, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amepata chanjo baada ya kukutana na mnyama huyo.

Maabara ya umma iliyompokea popo wetu inastahili sifa. Majibu yalikuja upesi, hayakuonyesha virusi, na mtoto akaepushwa na sindano za chanjo. Maabara hiyo huandika pia aina ya popo, na virusi vikipatikana huchunguzwa ni vya ukoo gani. Ufuatiliaji wa ugonjwa hujengwa kwa kumbukumbu hizo. Haja yake ni kubwa, kwani mbweha huweza kuchanjwa kwa chambo kinachotupwa porini, lakini popo anayekamata wadudu angani hali chambo. Kinachobaki ni kuziba nyumba, kuchanja mbwa na paka, na kumpima kila popo aliyegusana na mtu. Inasikitisha kwamba simu ya ofisi iliyopaswa kutoa ushauri haikupokelewa mwishoni mwa wiki.

Kampuni ile ningeiajiri tena kwa kazi ya paa, kwa sharti kwamba mkataba utamke wazi kuwa popo yeyote atakayekutwa ndani atakamatwa kwa glavu nene na chombo, na kukabidhiwa maabara kichwa kikiwa kizima.