Sabufa jina lile lile, kilo tatu zimeenda wapi?

Wadau, nina kasteshenari kangu Mbagala, fotokopi, kuprinti, picha za pasipoti na kuwaingizia watu nyimbo kwenye flashi, kwahiyo spika ya kompyuta kwangu sio pambo, inawaka saa mbili asubuhi inazimwa saa mbili usiku siku sita za wiki. Mteja akitaka nyimbo lazima nimpigie kidogo asikie kama ndo yenyewe, na wapita njia wanajua niko wazi kwa kusikia mziki, siku nikizima wanadhani nimefunga. Nasema hivi mjue siandiki kama mtu aliyefungua boksi jana akasikiliza nusu saa akaja kumwaga nyota tano.

Ile ya kwanza nilinunua Kariakoo 2012, elfu themanini na tano. Ni zile za kawaida, boksi moja la besi na vispika viwili vya pembeni. Boksi la mbao ile ya unga ulioshindiliwa, jeusi, mbele kitambaa, ubavuni vitufe viwili vya kuzungusha, kimoja volyumu kimoja besi, kwisha. Hakuna rimoti, taa ni kale kamoja kekundu ka kukwambia imewaka. Siku naileta nyumbani konda alinidai nauli ya mzigo na sikubisha mana mkono ulishakufa ganzi. Imepiga kazi miaka kumi na moja. Imemwagiwa chai, imekatikiwa umeme mara zisizohesabika, kuna mjusi alishawahi kufia humo ndani tukajua kwa harufu. 2023 ndo ikaanza uzee, volyumu inakwaruza ukiizungusha, kispika cha kushoto kinaongea kikijisikia, na ile sponji inayozunguka karatasi ya besi ikawa inameguka kama keki iliyolala.

Nikasema nisihangaike na mafundi, naenda kuchukua nyingine kama hiyo hiyo. Na kweli nikaikuta, jina lile lile, namba ile ile, wameongeza tu kaneno mbele kuonyesha ni toleo jipya. Kijana wa dukani akanambia dada yangu hiyo ya kwako ni ya kizamani, hii imeboreshwa, ina blututhi, inasoma flashi, ina redio, ina rimoti na taa zinacheza na mziki. Laki na ishirini, tukavutana mpaka laki na kumi. Akaniwashia na flashi ya duka, ina wimbo mmoja tu wa kujaribia ambao nadhani hata kwenye redio ya mkulima ungelia vizuri, nje huku mtu anatangaza mashuka kwa kipaza sauti, kule jenereta, yani Kariakoo hakuna spika mbaya, makelele yanafunika kasoro zote. Nikalipa.

Nilipoibeba ndo nilitakiwa kushtuka. Nimepanda nayo daladala nimeishika mkono mmoja, mwingine nimeshika bomba, konda hata hakuiangalia.

Wiki ya kwanza sifa zote ilipata hii mpya. Taa zinabadilika bluu kijani nyekundu, watoto wanaotoka shule wanasimama mlangoni kuangalia, na mimi nikajiona nimeenda na wakati. Alafu masikio yakaanza kuzoea na macho yakachoka zile taa.

Sasa mlio wenyewe. Ukiiweka volyumu robo haina shida, maongezi unayasikia vizuri, taarifa ya habari safi. Kuanzia nusu kwenda juu besi inakuwa ya aina moja, du du du, uweke wimbo wowote mlio ni ule ule kama mtu anapiga ndoo ya plastiki kwa kiganja. Kwenye singeli huwezi kugundua haraka mana singeli inakimbia mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, kila kitu kinagongana na kila kitu. Weka taarabu, weka dansi la zamani, fuatilia gitaa la besi linavyopanda na kushuka. Kwenye ile ya zamani nilikuwa nazisikia zile noti moja moja, hata ile ya chini kabisa ilikuwa inakuja taratibu unaisikia kwenye meza kabla ya sikio. Hii mpya inapiga noti mbili tatu za katikati kwa kelele nyingi, ikifika za chini inanyamaza kama haimhusu. Kuna mama mmoja wa kwaya huwa anakuja kuchukua nyimbo za kujifunzia, anataka kusikiliza sauti nne zote, siku hiyo akasikiliza akaniangalia, "mwanangu, mbona wanaume wa besi umewatoa?" Sikuwatoa mama, wamebaki Kariakoo.

Ukisogeza mpaka robo tatu boksi lenyewe linaanza kuimba. Mbele yote ni plastiki, na plastiki ikitikiswa ina sauti yake, inazizima. Nilikuwa naweka rimoti juu ya boksi, ikawa inatembea yenyewe kidogo kidogo mpaka inadondoka. Na hiyo rimoti usiidharau, volyumu yote na besi yote iko huko, ikipotea au betri ikiisha umebaki na vitufe viwili vya kubonyeza vinavyopanda kwa hatua, namba tano haisikiki, namba sita jirani anakuja kulalamika, kati ya hapo hakuna kitu.

Alafu kuna yule dada anayeongea humo ndani ya sabufa mpya, ile sauti ya kurekodiwa. Umeme ukirudi anatangaza kwa Kiingereza kwamba yuko tayari kwa blututhi, anatangaza kwa sauti ya juu kabisa na hakuna sehemu ya kumpunguza, nimetafuta. Na kwa vile umeme ukikatika inasahau ilikuwa kwenye waya wa kompyuta, inarudi yenyewe kwenye blututhi, haina namba ya siri, yeyote mwenye simu anaingia. Kijana wa bodaboda anayepaki hapo nje simu yake ilishajiunga bila yeye kujua, tukasikia voisi noti ya mtu anamdai hela ya marejesho, duka zima na watu wa foleni ya fotokopi. Alikuwa mpole wiki nzima. Na msije mkasema tumia blututhi kwenye kompyuta basi, nilijaribu kuangalia filamu, mdomo unafunga ndo neno linatoka.

Kilichonifanya niandike haya yote ni mizani. Jirani yangu ni mzee anauza mchele, siku moja duka limetulia nikabeba zote mbili pamoja na vispika vyake nikampelekea, nikamwambia mzee shikamoo, naomba unipimie hizi. Akacheka, "marahaba, siku hizi unauza kwa kilo?" Ya zamani kilo tano na robo tatu. Mpya kilo mbili na nusu. Akairudia mara mbili akidhani mizani imegoma. Jina moja, picha kwenye boksi zinafanana, na kilo tatu na ushee hazipo.

Nikazipeleka zote kwa fundi nikamwambia fungua nione. Ya zamani kukutana na transfoma kubwa kama ngumi, hiyo peke yake ni mzigo, pembeni bati nene la alumini la kupoozea na limebana aisii tatu, vile vidude vya kukuza sauti, zenye miguu mitano mitano, akafuta vumbi tukasoma TDA2030A, moja ya besi mbili za pembeni. Akanambia hizi ni za zamani sana lakini ikiungua unanunua unabadilisha jioni hiyo hiyo, kila fundi anazijua. Sumaku ya spika ya besi haikai kwenye kiganja changu.

Ya mpya kukutana na hewa. Bodi moja ukubwa wa kitambulisho cha NIDA, aisii moja ndogo imebandikwa juu yake kama kupe, transfoma hakuna, kwa sababu umeme unatoka kwenye adapta ya nje kama ya laptopu. Sumaku inakaa kwenye kiganja na nafasi inabaki. Spika yenyewe ni inchi nne wakati ile ilikuwa ya tano, ila wavu wa mbele umetengenezwa mpana usijue. Na vile vispika vya pembeni, kila kimoja kina macho mawili, kubwa na dogo, mimi nilijua lile dogo ndo la sauti kali, fundi akaligusa likatoka na gundi yake. Plastiki tupu! Nyuma hakuna waya hakuna kitu, limechorwa tu kama jicho la mwanasesere. Hapo ndo niliposikia hasira, mana mengine yote unaweza kusema wamebana matumizi, lakini lile jicho mtu alikaa akapanga kwamba mnunuzi hatajua.

Kuhusu wati. Boksi limeandikwa 8000W PMPO kwa maandishi ya dhahabu. Hizo PMPO, eti nguvu ya kilele ya mziki, msizisome kabisa, ni namba ya kufurahisha macho, hakuna kipimo kimoja kinachokubalika cha kuzipata, kila mtu anaandika ya kwake. Angalia adapta. Yangu imeandikwa 12V 2A, zidisha, wati 24, hiyo ndo yote inayoingia, na nyingine inaliwa na taa, redio na joto. Sasa zinazoingia ni 24 zinatoka vipi 8000, hata mke wa pili wa tajiri hapati hesabu nzuri kama hiyo. Ile ya zamani nyuma iliandikwa wati 25 jumla, basi, kwa herufi ndogo ambazo lazima uinamishe shingo.

Sitaki kuwa muongo lakini, kuna mambo mapya ambayo ni mazuri. Fundi alinielewesha kwamba ile aisii ndogo sio mbovu kwa udogo wake, zinaitwa klasi D, hazipotezi umeme kwa joto kama zile za zamani, kwangu mimi paka alikuwa analala nyuma ya ile sabufa akipata moto. Adapta nayo inakula kuanzia volti 100 mpaka 240, huku kwetu jioni umeme ukishuka ile ya transfoma ilikuwa inavuma mmmmm na mziki unalegea, hii mpya hata haitetereki. Na elfu themanini na tano ya 2012 sio elfu themanini na tano ya leo, hilo nalijua, mimi mwenyewe fotokopi siuzi bei ya 2012. Shaba na chuma ni hela, sumaku ni hela, ila bodi ya blututhi na taa unapata kwa bei ya chipsi kuku, kwahiyo wametoa ghali wameweka rahisi alafu bei wameisogeza mbele. Ningeelewa kabisa kama wangeipa jina lingine. Wangeweka na ya laki mbili yenye transfoma ningechukua hiyo bila kuvutana sana.

Mtu atasema si ununue vile vidogo vya USB. Nilishajaribu, elfu kumi na tano. Tundu la USB la kawaida kwenye kompyuta linatoa volti 5 kwa nusu ampia, yani wati mbili na nusu, hapo usitegemee duka lisikike barabarani. Alafu vile nilivyochukua mimi ukisogeza mausi unaisikia kwenye spika, krii krii, ukifungua faili kubwa inakoroma. Nilimpa mdogo wangu anafanyia zumu za chuo.

Kama unaenda kununua sasa hivi, kwanza inyanyue, inyanyue kabla hata hujauliza bei. Igonge ubavuni kwa kidole, ikijibu kama ndoo rudisha. Soma adapta au nyuma ya boksi ufanye hesabu mwenyewe. Nenda na flashi yako yenye wimbo unaoujua mpaka pumzi za mwimbaji, na uombe wakuwekee volyumu mpaka mwisho, wakikataa kwamba itaungua basi wanajua kitu ambacho wewe hujui. Angalia pia waya za pembeni kama zinachomoka, yangu mpya zimezama moja kwa moja ndani, siku panya akitafuna utafungua boksi zima. Waranti yangu ilikuwa miezi sita, nilirudi mwezi wa tatu nikaambiwa sauti sio kasoro, kasoro ni ikiacha kuwaka.

Kwa chumba cha mwanafunzi naipa tatu kwenye tano, kweli kabisa, anasikiliza kwa volyumu ndogo na taa atazipenda. Kwa duka, baa, saluni au mtu mwenye masikio, moja na nusu, hiyo nusu ni ya adapta.

Ya zamani nimeiacha kwa fundi. Kitufe cha volyumu amebadilisha, kapasita mbili zilikuwa zimevimba kama vibumunda ametoa, waya wa kushoto ulikuwa umekatika tu ndani ya pini. Imebaki ile sponji, ameagiza kwa mtu. Nikamuuliza kama anaweza kuniwekea na blututhi akasema dada hiyo ni kazi ya dakika ishirini, ila yule mwanamke simweki. Ijumaa nafuata, na mzee wa mchele ameshanambia nipitie kwake kwanza nikiwa nayo, anataka aipime tena aone kama fundi hajaiba.