Mkalimani wa simu kwenye kikao cha nidhamu shuleni, Texas: nyota 3 kati ya 5

Nawaandikia wazazi wenzangu wa Kiswahili hapa Texas, hasa sisi tuliotoka Kongo tukapitia kambi za Tanzania. Ni kuhusu huduma ambayo mtu huitumia moyo ukiwa juu juu: mkalimani anayeunganishwa kwa simu pale mtoto anapokuwa na kesi shuleni. Kampuni siitaji. Mzazi halipi kitu, shule ndiyo inayolipa.

Kijana wangu wa darasa la tisa alikutwa na sigara ya kielektroniki, kidude cha kijani kama kidole gumba, kinanukia embe. Kosa ni lake, simtetei. Zamani angenitumia ujumbe palepale, lakini sheria ya HB 1481 ya mwaka 2025 imepiga marufuku wanafunzi kutumia simu muda wote wa masomo, kwa hiyo habari niliipata kutoka ofisini kwao, nikiwa kazini na glavu mikononi.

Kikaoni mkuu msaidizi aliweka simu katikati ya meza akaongeza sauti. Tulisubiri dakika 12. Mkalimani alipopatikana alitaja namba yake, akaahidi kutunza siri, akaanza. Sauti safi, salamu za heshima, Kiswahili kinatiririka. Kisha akasema: "Mama, mtoto wako amefukuzwa shule."

Nilishika ukingo wa meza. Kwetu Uvira mtoto anaweza kufukuzwa kwa ajili ya minervali, yaani ada ya shule, ukilipa kesho anarudi. Lakini kufukuzwa kwa nidhamu ni kuondoka moja kwa moja. Nikauliza, "Baba, amefukuzwa mpaka lini?" Akajibu, "Hawajasema, mama." Kijana wangu, kichwa chini, akaninong'oneza: "Mama, sivyo. Nitakuwa nakuja, ila nitakaa chumba kingine." Mkosaji ndiye anamsahihisha mkalimani! Sikujua nimwamini nani, mtoto wangu aliyenificha sigara au mtu mzima aliyeapa kutafsiri kila neno. Nyota mbili zimeondokea hapo.

Niliomba simu ikatwe, apigiwe mwingine. Nashukuru mkuu msaidizi alikubali bila kununa. Wa pili alikuwa mwanamke, na kabla hajatafsiri lolote akasema: "Mama, niruhusu kwanza nimuulize mwalimu anamaanisha kusimamishwa kwa namna gani, maana ziko zaidi ya moja." Nikasikia Kiingereza kikienda na kurudi. Halafu akanifafanulia polepole. Kuna kusimamishwa ndani ya shule: mtoto anakuja kila siku, anafanya kazi zake katika chumba cha pembeni chini ya msimamizi. Kuna kusimamishwa akakaa nyumbani, siku zisizozidi 3 za masomo. Kuna kupelekwa shule ya nidhamu, ile wanayoiita DAEP. Kufukuzwa kabisa ni jambo jingine tena. Wangu alikuwa kwenye lile la kwanza.

Maneno haya yana uzito kuliko tunavyodhani. Sheria ya HB 114 ya mwaka 2023 ilikuwa inamtupa DAEP kila mwanafunzi aliyekutwa na sigara hizi. HB 6 ya mwaka 2025 imewapa shule nafasi ya kuamua vingine kwa kosa la kwanza, ndiyo iliyomwokoa kijana wangu. Lakini HB 6 hiyohiyo haikuweka kikomo cha siku za kukaa chumba cha pembeni. Inachodai ni kwamba mkuu wa shule alipitie suala upya kila baada ya siku 10 za masomo. Mkalimani wa kwanza angeniacha niende nyumbani bila kujua kwamba kuna siku ya 10, na mzazi asiyeijua atauliza nini?

Yule mama alinisomea pia fomu za idhini zilizotokana na sheria ya SB 12: nesi kumhudumia mtoto, na mtoto kujiunga na klabu. Zilikuwa kwa Kiingereza na Kihispania tu. Alisoma mstari kwa mstari na hakunikimbiza hata mara moja. Kwa huyo peke yake ningetoa nyota 5.

Karatasi zenye Kiswahili si kazi ya mkalimani, hilo nimelipeleka kwenye kikao cha bodi ya shule. Huku kwetu bodi bado ni ya kuchaguliwa. Ndugu zetu wa Houston tangu Juni 2023 wanaongozwa na mameneja walioteuliwa na jimbo.

Ukiitwa, usikubali mtoto wako akutafsirie, hata kama Kiingereza chake ni kizuri. Omba mkalimani kabla ya kugusa kalamu, andika namba yake, na ukisikia "amefukuzwa" uliza: kutoka darasani, kutoka shuleni, au kwenda shule nyingine?

Siku ya 10 nilirudi. Niliomba yule mama kwa namba yake, nikaambiwa anayepokea simu ndiye unayempata. Akapokea wa tatu. Kabla mkuu hajafungua faili nilimwomba mkalimani huyo anitajie kwa Kiswahili kila aina ya adhabu na tofauti yake. Alizitaja zote isipokuwa DAEP, hiyo nikamweleza mimi, ndipo tukaanza.