Kula wapi usiku wa taarabu Ngome Kongwe: kuanzia ninapopapenda mpaka pa kunipeleka ukilipa wewe

Mtu akishapata tiketi ya taarabu Ngome Kongwe, hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar, huona kazi imekwisha. Nguo imepigwa pasi, kikuba kimefungwa, udi umefukizwa. Na chakula? "Si tutakula hapo hapo Forodhani." Ndivyo wanavyosema wote, na ndiyo maana saa moja na nusu usiku utawakuta wote wamesongamana mbele ya majiko ya bustani hiyo, moshi unawavuma usoni, jicho moja kwenye mishkaki na jingine kwenye lango la Ngome lililo ng'ambo ya barabara.

Mimi taarabu nimeanza kwenda ningali nashikwa mkono, na pahala pa kula siku hiyo napachagua kwa mambo matatu. La kwanza ni muda. Tangazo likisema saa mbili, wapigaji watapanda baada ya sala ya isha, wakishakaza nyuzi za udi na fidla zao. La pili ni nguo, maana hukujifukiza nusu saa ili uingie ukumbini unanuka jiko. La tatu ni noti. Usizimalize kwenye sahani. Wimbo ukikugusa utataka kuinuka ukatunze, yaani ukampe mwimbaji noti, na bado sijaona mtu akimtunza mwimbaji kwa kumtumia pesa kwenye simu.

Kwa hesabu hiyo, wa kwanza kwangu ni urojo, lile bakuli la rojo la manjano lenye bajia na chipsi za muhogo. Najua mgeni atashangaa: uende kwenye shughuli umekula bakuli la mtaani? Ndiyo, na tena kwa kusimama ukitaka. Urojo unashibisha bila kulaza, haukuchukui zaidi ya robo saa, na ukiwa na elfu kumi mfukoni utakula, utakunywa na utarudishiwa chenji, ambazo ndizo zile noti ndogo za kutunzia. Ninaoupenda mimi hauna jina wala kibao. Mama anapanga sufuria na mabeseni yake kwenye baraza ya mlango wake baada ya alasiri, na ikifika magharibi amemaliza. Kila mtaa una wake, waulize wenyeji. Dalili za urojo mzuri ni hizi: rojo liwe la moto na uchachu wake uwe wa embe mbichi au ndimu, bajia ziwe zinatoka kwenye karai wakati huo huo, na chipsi za muhogo zitiwe mwisho kabisa, juu ya chatini, ili zibaki zinalia mdomoni. Akizitia mwanzo zikarowa, basi bakuli zima limekuwa uji.

Ila tahadhari na manjano. Niliwahi kuingia Ngome na doa la urojo kifuani kwenye gauni la rangi ya maziwa, nikakaa onyesho zima nimejifunika mtandio kama mwenye homa. Doa lile lipo mpaka leo. Basi kula urojo kwanza, vaa baadaye. Kama unatoka mbali na huwezi kurudi nyumbani, mwambie asikutilie rojo jingi.

Wa pili ni mgahawa wa Lukmaan, pale Mkunazini penye mbuyu. Hapa nakupeleka ukiwa na wazee, watoto au mgeni anayetaka kukaa kitako. Uzuri wake kwa usiku kama huu ni kwamba chakula kimeshapikwa: unapita mbele ya vyungu, unaonyesha kwa kidole, unapakuliwa. Wali, pilau, biriani, samaki wa kupaka, mboga za nazi. Hakuna kusubiri jikoni wakaanze kukatakata vitunguu. Kileo hakiuzwi. Toka hapo mpaka Ngome ni mwendo wa kama dakika kumi kwa vichochoro, na mwendo huo una faida yake, kwa sababu biriani na vile vidaraja vya mawe vya ukumbini havipatani. Ukikaa umeshiba pomoni na mgongo hauna pa kuegemea, ukifika wimbo wa tatu unasinzia. (Na leso ya kukalia usisahau. Jiwe la Ngome lina baridi yake.)

Ya tatu ni Forodhani, na hapa nitakawia kidogo kwa sababu ndipo watu wanapokosea. Forodhani si mbaya. Bustani ni nzuri tangu ilipotengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2009, upepo wa bahari upo, na kuna kila kitu. Kosa ni kuila kwa wakati mmoja. Forodhani ina nyakati mbili tofauti, na kila wakati una vyakula vyake.

Vya baharini, yaani pweza, ngisi, kamba na vipande vya samaki vilivyochomekwa vijiti, ni vya mapema, pale wauzaji ndiyo kwanza wanawasha taa na kupanga meza. Jua kwetu huzama kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na robo tatu kutegemea mwezi, kwa hiyo fika wakati huo. Kipande kilichokaa mezani tangu magharibi kikapashwa moto mara mbili tatu, saa sita za usiku sikigusi, hata muuzaji aape. Uliza bei kabla hakijawekwa jikoni, kimoja kimoja, na ukubaliane naye. Ukisema tu "niwekee vile na vile", utasomewa hesabu ambayo hukuitarajia. Kisha simama upande upepo unakotoka. Mwenzangu aliyesimama upande wa moshi aliingia ukumbini ananukia mishkaki, udi wote umepotea, na mume wa mtu nyuma yetu akauliza nani kaja na chakula.

Baada ya taarabu ni vile vinavyotengenezwa mbele ya macho yako. Ile inayoitwa pizza ya Zanzibar, ambayo Mtaliano akiiona atauliza pizza iko wapi, ni unga mwembamba unaokunjwa na nyama ya kusaga, yai na kitunguu ndani, ukakaangwa pale pale. Ya ndizi na chokoleti ni ya watoto, na ya mimi. Juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi nayo iache mpaka utoke. Ukinywa bilauri kubwa kabla ya kuingia utaijua njia ya chooni kuliko unavyoyajua mashairi.

Ya nne ni hoteli ya Africa House kule Shangani, iliyokuwa klabu ya Waingereza enzi za ukoloni. Mwenye kutaka kinywaji baridi na jua linalozama baharini, baraza yake ya juu inaangalia magharibi sawasawa. Kileo kinauzwa humo kwa wanywao; asiyekunywa ataagiza juisi. Ni pahala pa kunywa, si pa kushibia. Jua likishazama teremka, maana giza likiingia na viti vikawa vizuri, mtu husahau kama ana tiketi.

Ya mwisho ni migahawa ya juu ya mapaa, kama ile ya Emerson on Hurumzi. Nimeiweka mwisho, na si kwa ubaya. Mji unauona wote kutoka kule, paa za mabati mpaka minara, na chakula huja kwa utaratibu, hiki baada ya kile. Tatizo ni huo utaratibu. Chakula cha namna hiyo ndicho shughuli yenyewe ya usiku, hakiwezi kuwa cha kupitia. Mwaka mmoja tulijaribu kuviunganisha, kwenye mgahawa mmoja wa juu nisioutaja. Tulifika jioni, sahani kuu ikaja isha imeshaswaliwa, tukaingia Ngome wimbo wa kwanza umekwisha na mama mkwe hanisemeshi. Mgahawa wa paa uwekee siku yake, weka nafasi mapema, na ukilipa wewe nipigie simu, nitakuja.

Siku za tamasha la muziki la Sauti za Busara mwezi wa Februari na za tamasha la filamu la Nchi za Jahazi, mpango huu unabadilika. Mji hujaa, Lukmaan meza hupatikana kwa bahati, na kwa kuwa maonyesho yanafuatana, unaweza kutoka kula katikati. Uliza kwanza mlangoni kama ukitoka utaruhusiwa kurudi. Mwezi wa Ramadhani taarabu hakuna, ila Forodhani baada ya futari huchangamka kuliko kawaida. Nyimbo zinarudi Sikukuu, na siku hizo urojo wa mtaani ni wa kuwahi, watoto wana pesa za mkono wa Idi.

Kahawa sijaipangia namba. Kahawa chungu ya mdeli na kashata ni pale Jaws Corner, kwenye baraza za wanaume wanaocheza bao na kubishana siasa. Mimi humtuma kaka yangu, ananiletea kashata mbili kwenye karatasi, moja ya njugu na moja ya nazi. Ya njugu naila njiani. Ya nazi inakaa mkobani mpaka watu watoke, tukae ukutani Forodhani na chai ya tangawizi, tubishane nani katunzwa zaidi.