Kipakatalishi Kinachochemka: Ununue Kipi Badala Yake Jijini Nairobi

Kabla ya kutenga pesa za mashine nyingine, mpe fundi unayemwamini nafasi ya kuifungua hiyo uliyo nayo. Mara nyingi atakuta kati ya feni na mapezi ya shaba yanayotoa joto pamejengeka tabaka la vumbi na nyuzi za nguo lililoshikana kama blanketi, huku krimu inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa (chipu kuu ya kompyuta) ikiwa imekauka na kupasukapasuka. Kusafisha na kupaka krimu mpya ni kazi ya muda mfupi, na gharama yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kipakatalishi kingine. Iwapo baada ya usafi huo mashine bado inazima ghafla katikati ya kazi, au fundi amethibitisha kwamba mothabodi (ubao mkuu unaounganisha sehemu zote) imeathirika, basi wakati wa kununua umefika.

Kosa linalowarudisha wengi dukani ni kuchagua kwa kuangalia jina la prosesa na ukubwa wa diski pekee, bila kuuliza joto litatokaje. Prosesa nyingi za Intel za vipakatalishi hujipunguzia kasi zinapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi, na hapo ndipo mashine yenye sifa nzuri kwenye karatasi huanza kukokota. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama asilimia 15, kwa hiyo feni ikizunguka kwa kasi ileile hubeba joto pungufu. Baridi ya Julai hufidia kidogo. Jua la Februari halina msamaha huo.

Chaguo ninalolitanguliza ni kipakatalishi cha ofisi kilichotumika, chenye prosesa ya AMD Ryzen ya mfululizo wa 4000 au ya baadaye, hasa HP EliteBook 845 G7 na Lenovo ThinkPad T14 ya toleo la kwanza, zote za mwaka 2020. Prosesa hizo zilitengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 7 (kwa kawaida namba ndogo humaanisha chipu inayotumia umeme kidogo na kutoa joto kidogo), wakati Intel nyingi za ofisi za miaka hiyo zilikuwa bado kwenye nanomita 14, na tofauti hiyo huonekana unapofungua mkutano wa video pamoja na jedwali kubwa la hesabu. Baina ya hizo mbili napendelea EliteBook, kwa sababu ina nafasi mbili za RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) zinazoweza kubadilishwa, ilhali T14 ina sehemu ya RAM iliyounganishwa moja kwa moja kwenye mothabodi.

La pili ni MacBook Air yenye chipu ya Apple ya M1, iliyotoka Novemba 2020. Haina feni kabisa, hivyo hakuna cha kuvuta vumbi, na kwa mwandishi, mwanafunzi au mhariri wa picha hukaa vuguvugu tu siku nzima. Nimeishusha nafasi moja kwa sababu RAM na diski yake haviongezeki baada ya kununua, na kwa sababu kazi nzito ya muda mrefu, kama kutayarisha faili la mwisho la video iliyohaririwa ya saa nzima, huilazimisha kupunguza kasi. Anayetegemea programu za uhasibu zinazotaka Windows aiache.

Kwa mfuko mwembamba zaidi, kuna ThinkPad T480, EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 7490, mashine za mwaka 2018 zenye Intel ya kizazi cha 8. Hupata joto zaidi, lakini kufungua na kusafisha ni rahisi, na vipuri vyake mafundi wa jiji wanavifahamu vyema. T480 ina betri mbili, moja ikiwa ya kuchomoa, jambo la thamani umeme unapokatika. Epuka zenye kadi ya ziada ya michoro, kwa kuwa huongeza joto, na usishuke chini ya kizazi hicho hata bei ikushawishi vipi: msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haivikubali rasmi karibu vizazi vyote vya Intel vilivyotangulia.

Mashine mpya za bei nafuu zenye prosesa ya Intel Celeron N4020 hazichemki sana, ila nyingi zina RAM ya gigabaiti 4 na zitakuchosha kwa kukokota kwao. Mashine za michezo zilizotumika naziweka mwisho kabisa, kwa kuwa nyingi zimeishi maisha yao yote kwenye joto lilelile unalolikimbia.

Ukishafika dukani, iwe Moi Avenue au Luthuli, usiridhike na skrini inayong'aa. Omba mashine iwashwe, cheza video kadhaa kwa pamoja kwa dakika 20, kisha, ikiwa ni yenye feni, weka kiganja kwenye tundu la kutolea hewa. Hewa ya moto inayotoka kwa nguvu ni dalili njema. Ubavu ukiwa wa moto na hewa haitoki, feni au mapezi yana tatizo. Programu ya bure ya HWiNFO itakuonyesha nyuzi joto za prosesa kwenye Windows. Joto likigusa 95 na kubaki hapo kwa video tu, irudishe. Kwa MacBook, hakikisha akaunti ya mmiliki wa awali imeondolewa. Kwa mashine za ofisi, ingia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka) uone kama haina nywila. Dai risiti yenye namba ya mashine, na waranti iandikwe wazi kwamba inahusu kuchemka na kuzima ghafla, kwa sababu baadhi ya wauzaji huhesabu hayo kuwa matumizi mabaya.

Mashine ya zamani ikiwa na betri iliyovimba, usiichaji tena wala kuitupa kwenye taka za nyumbani. Mpelekee fundi aitoe, kisha ipelekwe kwa wanaokusanya taka za kielektroniki.