Redio ya Biblia ya sola: zawadi ya mfiwa baada ya kuanua matanga

Siku za msiba nyumba hujaa. Turubai lipo, kwaya ipo, wazee wa kanisa wanasoma Neno asubuhi na jioni. Ugumu huanza matanga yakishaanuliwa na wageni wakapanda mabasi. Mjane yuko macho saa nane za usiku, hana wa kumsomea Zaburi, na maandishi ya Biblia ya mfukoni ni madogo mno kwa macho yake. Kwa saa hizo redio ndogo za Biblia, zinazosoma Maandiko kwa sauti kutoka kwenye memori kadi, zinafaa sana, na kwa vijiji vya Sikonge, Uyui na Kaliua mkoani Tabora ambako si kila nyumba ina umeme, chukua yenye sola.

Inaenea kiganjani: paneli nyuma, spika moja mbele, kioo cha nambari, tundu la memori kadi. Dukani usianze na sauti, anza na mfuniko wa betri. Yenye betri ya BL-5C, ile ya simu za zamani za Nokia, inafaa kwa sababu betri ikichoka fundi simu anakubadilishia. Iliyogandishwa betri ndani kwa gundi, siku betri ikifa na redio imekufa.

Kinachoziua mapema ni kuanikwa juu ya bati. Bati la Tabora mwezi wa Oktoba linachoma, na betri za aina hii zikipata joto kali huvimba mpaka zikasukuma mfuniko. Iweke juu ya ubao au kigoda, imezimwa, paneli ikitazama jua, mbali na mwembe. Kivuli cha tawi moja tu hupunguza chaji sana. Msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, paneli ndogo hivyo haitoshi. Tumia chaja ya simu ya volti 5.

Sasa usomaji wenyewe, na hapa ndipo wengi hukosea. Uko wa sauti moja, na uko wa maigizo, wenye muziki na makelele ya umati. Wa maigizo unapendeza kwa watoto wa Shule ya Jumapili. Kwa mfiwa, hapana. Fikiria Yohana 11, kwenye msiba wa Lazaro: maneno ya kumfikia mtu pale ni "Yesu akalia machozi", nayo ni machache mno kushindana na vilio vya waigizaji. Tafuta sauti moja iliyotulia, isiyokimbia.

Kadi nyingi huja zimejazwa mahubiri. Yafute yote yanayopigwa kelele, hasa yale ya kumwambia mfiwa asilie. Paulo katika 1 Wathesalonike 4:13 hakukataza machozi. Alisema tusihuzunike kama wasio na matumaini. Anayemziba mfiwa mdomo kwa mstari huo anamwongezea mzigo.

Kisha tengeneza folda ya faraja, sura chache tu: Zaburi 23, 42, 88 na 130, Maombolezo 3, Yohana 11 na 14, Warumi 8, 1 Wakorintho 15, Ufunuo 21. Zaburi ya 88 wengi huiruka kwa kuwa inaishia gizani bila neno la kuinua moyo. Iache humo. Kuna usiku ambao mtu hawezi kuimba sifa, na ni faraja kubwa kusikia kwamba hata kilio cha namna hiyo kimo ndani ya Maandiko Matakatifu. Zaburi 119 usiiweke, ina mistari 176.

Mafaili yape nambari zinazoanza na sifuri: 001, 002, 003. Ukiandika 1, 2, 3, redio nyingi zitasoma 1, kisha 10, ndipo 2. Nyingine hufuata mpangilio wa kunakiliwa, kwa hiyo nakili faili moja moja kwa zamu yake, kisha sikiliza mwanzo wa kila sura kabla ya kukabidhi.

Kwa familia ya Kikatoliki uliza kama kitabu cha Hekima kimo. Kadi nyingi zina vitabu 66 tu, wakati Biblia yao ina 73, na Hekima sura ya 3, kuhusu roho za wenye haki kuwa mikononi mwa Mungu, husomwa sana kwenye misa za mazishi. Kama haimo, mwombe katekista airekodi kwa simu yake, chumba kimefungwa, simu ikiwa karibu na mdomo.

Ukimpelekea mjane huyo, mfundishe vitufe vitatu tu: kuwasha, kusimamisha, sauti. Bandika kipande cha plasta kwenye cha kusimamisha ili akipapase gizani. Kitufe cha kubadili folda mwachie mjukuu. Redio haiombi na mtu wala haijibu swali lake, kwa hiyo panga na jumuiya au wazee wa kanisa wapite kila wiki, na anayepita aangalie chaji.