TAHADHARI: Anayeuza "vipimo kamili vya kujaza risasi" Mwanza

Wenye silaha kwa leseni na wapiga shabaha wa Mwanza, Sengerema, Geita mpaka Ukerewe, someni hii. Kuna mtu anapita kwenye magrupu ya WhatsApp akiuza faili la PDF analoliita "vipimo kamili vya kujaza risasi", yaani kiasi cha baruti cha kuweka unapojitengenezea risasi kwa maganda yaliyokwisha kutumika. Hela inatangulia kwa simu, faili linafuata. Ukimuuliza limetoka wapi, anajibu ni vipimo vya jeshi. Ukitaka la karatasi, anakuletea kopi ya steshenari iliyofungwa kwa spairo, mnakutana stendi ya Nyegezi. Usinunue. Na kama umeshalipa, usipime hata greni moja (kipimo kidogo cha uzito wa baruti) kwa kufuata karatasi zile.

Kwanza sheria, kwa kifupi. Leseni ya kumiliki bunduki si ruhusa ya kutengeneza risasi. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, jambo hilo linataka kibali chake, na pa kuulizia ni polisi waliokushughulikia leseni yako. Muuzaji anawaambia watu "fanyia ndani, nani atajua". Hapo tu ungeshamjua ni mtu wa aina gani.

Faili lenyewe ni kurasa zilizonyofolewa kwenye vitabu tofauti vya miaka tofauti. Kilichobakizwa ni aina ya risasi, jina la baruti na namba moja. Namba hiyo ndiyo kiwango cha juu kabisa. Safu ya kiwango cha kuanzia imekatwa, labda ili ukurasa utoshe kwenye skrini ya simu. Kitabu cha kweli kwa kawaida hutoa viwango viwili, kwa sababu mtutu waliopimia maabara si mtutu wako. Unaanza na kile cha chini, unapanda kidogo kidogo, na kila hatua unakagua ganda: praima (kiwashio kilicho kitakoni mwa ganda) imekuwa bapa? Boliti (komeo la bunduki) inafunguka kwa shida? Kitako cha ganda kina alama inayong'aa? Ukiona lolote kati ya hayo, unarudi nyuma. Ila kwenye bastola dalili hizi mara nyingi hazionekani mpaka mgandamizo wa gesi ndani ya silaha uwe umeshavuka mpaka, kwa hiyo usizitegemee badala ya jedwali.

Wapo wanaosema basi mtu apunguze asilimia 10 kutoka kiwango cha juu aanzie hapo. Kwa baruti nyingi ndiyo desturi. Lakini H110 na Winchester 296, ambazo ni baruti moja yenye majina mawili, mtengenezaji anakataza kuzipunguza zaidi ya asilimia 3. Ukipunguza zaidi ya hapo zinaweza kuwaka vibaya na kichwa cha risasi kikakwama kwenye mtutu. Maelezo kama hayo huwa kwenye kurasa za mwanzo za kitabu, zile ambazo jamaa amezitupa.

Majina ya baruti nayo ameyafupisha. Mahali pengi pameandikwa "4350" tu. H4350 na IMR 4350 ni baruti mbili tofauti, kila moja ina jedwali lake. Na ukurasa anaouita "jedwali la kubadilishia baruti" ni orodha ya kasi ya kuungua tu, ipi inaungua haraka kuliko ipi. Haikuambii uweke kiasi gani. Baruti mbili zinazofuatana kwenye orodha hiyo zinaweza kupishana sana kwa kipimo.

Kopi ya karatasi ina ugonjwa wake: imefifia mpaka 3 na 8 hazitofautiani. Kwa risasi ya bunduki, 43 ikisomwa 48 ni greni 5 za ziada, na ganda linaweza kuzimeza bila kukuonyesha chochote.

Ukitaka kumpima muuzaji yeyote wa data, mwombe ukurasa wa .308 Winchester tu, risasi ya bunduki inayojulikana sana. Lazima uone uzito na mtengenezaji wa kichwa, aina ya ganda, aina ya praima, urefu wa mtutu wa majaribio, urefu wa juu wa ganda (milimita 51.18), urefu wa risasi nzima, kisha baruti kwa jina lake kamili na viwango viwili. Ganda lililorefuka kupita kipimo hubanwa mdomoni na chemba (sehemu ya mtutu risasi inapokaa), kichwa kinashindwa kuachia, mgandamizo unapaa hata kama baruti ni sahihi. Ganda la kijeshi mara nyingi lina kuta nene na nafasi ndogo ndani, kwa hiyo kipimo cha ganda la kiraia hakihamishwi humo kama kilivyo.

Mizani. Huyu jamaa anaunganisha faili na kimizani kidogo cha wanunuzi wa dhahabu, na hapa ndipo pa kuwa macho zaidi. Vitabu hupima kwa greni. Gramu 1 ni greni 15.43. Mizani inayosoma gramu kwa desimali moja inaruka greni 1.5 kwa mpigo, haifai kabisa. Vingi vya vimizani hivi vina kitufe kimoja kinachozungusha g (gramu), ct na gn (greni), na ct ni karati, yaani greni 3.09. Kipimo cha .38 Special, risasi ya bastola, kwa baruti nyingi za bastola ni kama greni 4 au 5. Mizani ikiwa kwenye ct, "5" yako ni greni 15.4. Kabla ya kuanza, weka jiwe la gramu 5: gn isome karibu na 77.2. Isiposoma hivyo, zima, acha kazi. Baruti ikishaingia, panga maganda kwenye kibao na uyamulike yote kwa tochi kabla ya kuweka vichwa, maana ganda la .38 lina nafasi ya kujazwa mara mbili bila kumwagika.

Sasa anauza hata baruti ya kupima kwenye chupa za maji, haina lebo. Baruti haitambuliki kwa macho. Nyingi ni punje za kijivu zinazofanana. Ya milipuko ya machimbo isiingie kwenye risasi, na baruti ya kisasa isiyo na moshi isiingie kwenye gobole, itapasua mtutu usoni kwako.

Wala data huhitaji kuinunua kwake. Watengenezaji kama Hodgdon na Vihtavuori wanaweka majedwali yao bure kwenye tovuti zao. Linganisha vyanzo viwili. Vikipishana, anza na kilicho chini.

Aliyetapeliwa atunze ujumbe wa muamala na picha za mazungumzo, namba ya tapeli aitume 15040 (namba ya kuripoti matapeli wa simu), kisha aende polisi. Faili usilisambaze hata kwa lengo la kuonya. Na chupa ya baruti usiipande nayo daladala wala kivuko cha Kamanga, usiichome, usiimwage ziwani: iache mahali pakavu mbali na moto, piga simu kituoni waifuate.