Okestra ya taifa: njia ya Reykjavik au ya Kinshasa?

Ukiuliza Moshi nani anapuliza tromboni kwa kusoma nota, utaelekezwa kwenye usharika wa Kilutheri. Matarumbeta tunayo tangu zamani. Fidla ndiyo shida. Sasa tukitaka okestra, tumwige nani?

Iceland, ambayo mji mkuu wake ni Reykjavik, ilianzisha yake mwaka 1950, nchi nzima ikiwa na watu wasiofika 150,000. Fedha zilitoka serikalini, na mpigaji akalipwa mshahara kama mtumishi mwingine. Jengo la fahari lilisubiri: kwa miongo kadhaa walipigia kwenye ukumbi wa sinema wa chuo kikuu, hadi Harpa, ukumbi wa muziki wenye kuta za vioo, ilipofunguliwa 2011. Hapo napenda mpangilio wao, watu kwanza, vioo baadaye.

Kinshasa hakukuwa na bajeti. Mwaka 1994 Armand Diangienda, rubani wa zamani na mjukuu wa Simon Kimbangu, mwanzilishi wa kanisa la Kimbangu, alikusanya waumini wa kanisa hilo, vyombo vichache, watu wakipokezana. Uzi wa fidla ukikatika, waliweka waya wa breki ya baiskeli! Mazoezi yalikuwa jioni, baada ya kazi. Tatizo ni kwamba asiyelipwa akipata kibarua mkoa mwingine, huna cha kumzuia.

Kwa Moshi ningeanza kama Kinshasa. Kanisa lina ukumbi, vijana na nidhamu ya kwaya, na chuo kikuu cha Makumira, pale Usa River, wanafundisha muziki hadi shahada. Ila mwalimu wa fidla na fundi wa vyombo walipwe mshahara tangu mwezi wa kwanza. Wengine wajitolee kwanza.